Nyumba za Likizo Vijijini Wakati wa Theluji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanamhusu mwenye nyumba moja au kadhaa za kupangisha kwa siku au wiki, mbali na mji, mahali ambapo theluji hukaa chini kwa wiki nzima au miezi. Mgeni wa likizo haijui nyumba yako: hajui koki kuu iko wapi, wala hawezi kujua mlio upi ni wa kawaida na upi ni wa hatari. Kila anachokijua mwenye nyumba kwa mazoea lazima kiwe kimefanyiwa kazi au kimeandikwa kabla hajafika.

## Kabla ya theluji

1. Nifunge nyumba msimu wote wa baridi au niendelee kupokea wageni?

Jiulize mambo matatu. Je, bomba linaloleta maji limezikwa chini zaidi ya kina ambacho udongo huganda mahali hapo? Je, barabara ya kuingilia inaweza kusafishwa asubuhi ileile theluji inapoanguka? Je, yupo mtu anayeweza kufika nyumbani ndani ya saa mbili, usiku au mchana? Ukikosa hata moja, funga.

Hali mbaya kuliko zote ni ya katikati: maji yamo ndani, moto umepunguzwa ili kuokoa fedha, na hakuna anayepita kuangalia. Nyumba nyingi huharibika katika hali hiyo. Ukiwa na nyumba kadhaa, acha wazi zile zilizo karibu na barabara na uzifunge nyingine kabisa kwa utaratibu wa swali la 7.

2. Kazi zipi lazima ziishe kabla ardhi haijaganda?

Chomeka nguzo za alama kando ya njia ya gari, maana ardhi ikishaganda hazichomeki tena. Weka alama pia kwenye mfuniko wa tanki la maji taka, vali ya tanki la gesi, mita ya maji na mawe makubwa ambayo mashine ya theluji inaweza kuyagonga. Safisha mifereji ya paa. Fagia dohani. Ondoa mipira ya kumwagilia kwenye bomba za nje: mpira ukiachwa hubakiza maji ndani ya bomba, na hata bomba lililotengenezwa kuhimili baridi hupasuka. Kisha funga koki ya ndani inayolisha bomba hilo la nje na uliache wazi.

Ziba matundu ya panya kwa sufu ya chuma. Panya mdogo hupita kwenye tundu la milimita 6, na baridi ikianza wote wanataka kuingia. Wakitafuna sponji inayokinga mabomba na baridi, utaligundua hilo siku bomba litakapoganda.

3. Niweke akiba ya kuni kiasi gani?

Kilo moja ya kuni kavu hutoa takriban kilowati-saa 4. Jiko la kuni la kilowati 6 linalotumia vizuri robo tatu ya nishati hiyo hula kilo 2 kwa saa. Likiwaka saa 10 kwa siku ni kilo 20, kwa hiyo wageni wa siku nne wanahitaji kilo 80. Ongeza akiba ya siku tatu kwa ajili ya kuzingirwa na theluji (swali la 20).

Ukavu una uzito kuliko wingi. Unyevu uwe chini ya asilimia 20, ukipimwa kwenye uso wa kuni iliyopasuliwa papo hapo, si kwenye ncha iliyokauka. Miti laini huhitaji takriban mwaka mmoja kukauka, miti migumu miwili. Funika juu ya lundo tu na uache ubavuni upepo upite. Lundo lililofungwa turubai pande zote huoza. Kuni mbichi hutumia joto lake lenyewe kukausha maji, na moshi wake hugandisha lami ndani ya dohani, nayo lami hiyo ndiyo inayoshika moto.

4. Kwa nini gesi ya mtungi inakataa kuwaka asubuhi ya baridi?

Huenda umepewa butani. Butani huacha kugeuka hewa ikifika karibu nusu nyuzi chini ya sifuri, hivyo mtungi unaweza kuwa umejaa na jiko lisiwake. Propani huendelea hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Kwa mitungi inayokaa nje, agiza propani pekee na uithibitishe kwenye lebo, kwa sababu baadhi ya mitungi huwa na mchanganyiko.

Propani nayo ina kikomo chake: mtungi mdogo kwenye baridi kali hauwezi kulisha hita kubwa kwa muda mrefu, kwani gesi hugeuka hewa polepole kuliko inavyotumika. Unganisha mitungi miwili au tumia tanki kubwa. Usipashe mtungi kwa moto hata siku moja. Dizeli ya majira ya joto huganda kama nta na kuziba chujio, kwa hiyo jaza tanki la jenereta na la boila kwa dizeli ya baridi mapema.

## Maji na mabomba

5. Mabomba huganda hewa ikifika nyuzi ngapi?

Maji huganda kwenye sifuri, lakini bomba lililo ndani ya nyumba kwa kawaida huanza kuwa hatarini hewa ya nje ikishuka hadi nyuzi 6 au 7 chini ya sifuri kwa saa kadhaa. Upepo unaopenya tundu dogo ukutani unaweza kuligandisha mapema zaidi, hata kama chumba chenyewe kina joto. Ndiyo maana mabomba ya jikoni yaliyo kwenye ukuta wa nje, ndani ya kabati lililofungwa, hutangulia mengine.

Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9. Mara nyingi bomba halipasuki pale penye barafu. Barafu husukuma maji yaliyonaswa kati yake na koki iliyofungwa mwishoni mwa bomba, shinikizo hupanda, na ukuta wa bomba huachia sehemu iliyo dhaifu, pengine mita kadhaa kutoka hapo. Hii ndiyo sababu ya kufungua bomba kidogo usiku wa baridi kali: shinikizo hupata pa kutokea. Soma swali la 10 kabla ya kulifanya zoea.

Ukitumia waya wa umeme wa kupasha mabomba joto, chagua unaojirekebisha wenyewe kulingana na baridi, uuchomeke kwenye saketi yenye swichi inayokata umeme unapovuja, kisha ufunike bomba na waya wote kwa sponji. Waya wa aina ya zamani usiojirekebisha hauruhusiwi kupishana juu yake wenyewe; huungua.

6. Nyumba ikikaa tupu siku chache kati ya wageni, niache joto kiasi gani?

Weka themostati nyuzi 12. Nyuzi 10 zinatosha nyumba iliyofunikwa vizuri, lakini hazikuachii nafasi ya kosa: boila ikizima jioni, asubuhi umechelewa. Acha milango ya vyumba vyote na ya makabati ya sinki wazi. Funga koki kuu ya maji hata kama umeacha joto. Bomba likipasuka maji yakiwa yamefungwa, zitamwagika lita chache. Yakiwa wazi, yatatiririka mpaka mtu afike.

Weka sensa ya joto yenye laini yake ya simu, si inayotegemea intaneti ya nyumba pekee, kwa sababu umeme ukikatika intaneti huenda nayo. Ipange ikuarifu joto likishuka hadi nyuzi 8. Iweke mahali penye baridi zaidi, kama kabati la sinki la ukuta wa kaskazini au karibu na tanki la maji, si sebuleni karibu na jiko.

7. Ninamwagaje maji yote ninapofunga nyumba?

Fuata mpangilio huu, maana kuruka hatua ndiko kunakoharibu.

1. Zima hita ya maji kwenye umeme au gesi na uiache ipoe. Hita ya umeme ikiwaka bila maji, kipashio chake huungua kwa dakika chache.
2. Zima pampu, funga koki kuu, mwaga tanki la shinikizo.
3. Fungua bomba zote, za moto na za baridi, kuanzia ghorofa ya juu kwenda chini. Bomba la kuogea la mpini mmoja liwekwe katikati ili pande zote mbili zitoke.
4. Vuta maji ya choo, kisha kausha tangi lake kwa sponji.
5. Fungua koki ya kumwagia iliyo chini kabisa, na mwaga hita kwa mpira hadi nje.
6. Pulizia mabomba kwa kompresa, tawi moja moja, kwa shinikizo lisilozidi takriban baa 3. Maji huendelea kubaki kwenye mabomba yaliyolegea katikati, na hayo hayatoki kwa mwinamo peke yake.
7. Mimina dawa ya kuzuia kuganda kwenye kila mpindo wa bomba chini ya sinki, beseni, bafu na tundu la sakafuni: nusu lita kila mmoja. Choo kipate lita moja. Mashine ya kufulia na ya vyombo mimina nusu lita, kisha uiendeshe hatua ya kutoa maji kwa sekunde chache ili dawa ifike kwenye pampu.

Dawa iwe ya propilini glaikoli. Ile ya kawaida ya rejeta za magari mara nyingi ni ethilini glaikoli, nayo ni sumu kwa watu na wanyama. Isiingie kwenye mabomba ya nyumba. Usiache mipindo mikavu, kwa sababu maji yaliyomo ndiyo yanayozuia hewa chafu ya maji taka kuingia ndani.

Vali za mpini wa robo mzunguko ziache nusu wazi, kwa kuwa maji yaliyonaswa ndani ya tufe lake huweza kuipasua vali yenyewe. Radiata za maji ya moto ni mfumo wa pekee: ama zijazwe mchanganyiko wa glaikoli ulioandaliwa na fundi, ama zimwagwe zote. Mwisho, ning'iniza kadi kwenye koki kuu na nyingine kwenye swichi ya hita: MAJI YAMEMWAGWA, USIWASHE HITA. Siku ya kufungua, hita iwashwe pale tu bomba la maji ya moto linapotoa maji mfululizo bila kukohoa hewa.

8. Bomba limeganda na wageni wako ndani. Nifanye nini?

Waambie wafungue bomba lililokauka na waliache wazi. Wewe, au mtu wako, anza kupasha kutoka upande wa bomba lililofunguliwa ukirudi kuelekea palipoganda, ili maji na mvuke vipate njia. Tumia mashine ya kukaushia nywele, taulo zilizochovywa maji ya moto, au hita ndogo iliyowekwa mbali na mbao. Usitumie moto wa wazi, yaani tochi ya gesi au mshumaa: ukuta huanza kuungua kwa ndani kabla ya mtu kuona moshi.

Kabla ya kupasha, hakikisha unajua koki kuu iko wapi na kwamba inazunguka. Ufa huonekana barafu inapoyeyuka, si kabla. Bomba likiwa limekwisha pasuka, mambo ya kwanza ni mawili: funga koki kuu, kisha kata umeme wa eneo lenye maji ikiwa swichi inafikika bila kukanyaga maji. Dari iliyojaa maji na kuvimba isikaliwe na mtu chini yake.

9. Boila inazima kila baridi ikizidi. Ni mbovu?

Huenda ni nzima. Boila za kisasa hutoa maji machache yaliyotokana na mvuke kupitia bomba jembamba la plastiki, na bomba hilo likipita nje huganda, maji hurudi nyuma na boila hujizima. Mimina maji ya uvuguvugu, si yanayochemka, juu ya sehemu ya nje, hasa kwenye kona na mwisho wake, kisha uiwashe upya. Dawa ya kudumu ni kufupisha sehemu iliyo nje, kuongeza upana wa bomba hadi angalau milimita 32, kuliinamisha na kulifunika. Andika hatua hizi kwenye kadi karibu na boila, pamoja na namba ya simu ya fundi.

10. Je, tanki la maji taka linaweza kuganda?

Linaweza, hasa kwenye nyumba inayokaa tupu, kwa sababu hakuna maji ya moto yanayopita. Theluji iliyolegea juu yake ni blanketi. Ikikanyagwa au kupitiwa na gari hushikana, hupoteza hewa iliyomo, na baridi hushuka chini zaidi. Kwa hiyo usisafishe theluji juu ya tanki wala juu ya eneo la kunyonya maji, na usiruhusu wageni waegeshe au wateleze hapo. Tandaza majani makavu unene wa sentimita 20 hadi 30 kabla ya theluji ya kwanza.

Hapa ndipo ushauri wa kuacha bomba likidondoka unapogeuka adui. Matone huganda tabaka juu ya tabaka ndani ya bomba la maji taka hadi lizibe. Dondosha kwa usiku mmoja wa dharura tu, tena mkondo uwe mwembamba usiokatika na si tone moja moja. Choo kinachovuja kirekebishwe kabla ya msimu kwa sababu hiyohiyo.

11. Nyumba ilikaa tupu wiki mbili. Maji ni salama kwa mgeni?

Bakteria wa lejionela huzaana katika maji yaliyosimama yenye joto la kati ya nyuzi 20 na 45. Tanki la maji ya moto liwe nyuzi 60. Kabla mgeni hajaingia, achia kila bomba kwa dakika kadhaa, la kuogea likiwa chini ndani ya ndoo au mfuko ili usivute mvuke wake. Ikiwa umefunga maji kama swali la 6 linavyoshauri, hatua hii si ya hiari.

## Paa, barafu na njia

12. Theluji ya kimo gani ni hatari juu ya paa?

Kimo peke yake hakisemi kitu. Theluji mpya kavu ina uzito wa kilo 50 hadi 100 kwa mita ya ujazo, iliyotulia 200 hadi 300, iliyolowa hupita 400, na barafu tupu ni takriban 917. Sentimita 30 za theluji kavu zinaweza kuwa kilo 30 kwa mita ya mraba. Sentimita 30 hizohizo zikinyeshewa mvua hufika 120 na zaidi.

Pima. Chukua boksi lisilo na kitako, la sentimita 20 kwa 20, likandamize kwenye theluji iliyo mahali pa wazi hadi chini, chota yote iliyomo, ipime kwa mizani na uzidishe kwa 25. Kilo 3.2 maana yake ni kilo 80 kwa mita ya mraba. Linganisha na uzito ambao paa lako lilijengewa. Umo kwenye michoro ya nyumba, au fundi wa miundo atakukadiria. Upepo hurundika theluji upande mmoja na mahali paa la chini linapokutana na la juu, kwa hiyo sehemu hizo hubeba mara kadhaa ya kipimo chako.

Ondoa ukiwa umesimama chini, kwa reki ya theluji yenye mpini mrefu, ukiacha sentimita 5 ili usichubue paa. Punguza pande zote mbili kwa zamu, kwani paa lililobebeshwa upande mmoja huelemewa kuliko lililojaa kote. Milango ya ndani ikianza kukwama, nyufa mpya zikitokea juu ya fremu, au mbao zikilia mfululizo, watoe watu nje kwanza, kisha ndipo umpigie mtu simu.

13. Kwa nini barafu inajijenga kwenye upenu na maji yanaingia ndani?

Joto la nyumba hupenya darini na kuyeyusha theluji iliyo juu. Maji hushuka hadi upenuni, ambako hakuna joto chini yake, yanaganda na kuwa kizuizi. Maji yanayofuata hurudi nyuma chini ya vigae. Mishumaa mirefu ya barafu inayowavutia wageni kwa picha ni dalili kwamba dari inavuja joto.

Kwa haraka, jaza soksi ndefu kloridi ya kalsiamu (aina ya chumvi inayoyeyusha barafu) na uilaze juu ya kizuizi ikielekea chini, ili ichimbe mfereji wa maji. Usitumie shoka wala nyundo. Dawa yenyewe ni kuziba matundu ya darini (pembeni mwa taa, mabomba na mlango wa dari), kuongeza kihami joto na kuacha hewa baridi ipite chini ya paa. Paa la mabati humwaga theluji yote kwa mkupuo, hivyo weka vizuizi vya theluji juu ya milango na usipange maegesho chini ya upenu.

14. Chumvi au mchanga?

Mchanga wa punje za milimita 2 hadi 5 hushika kwenye baridi yoyote, na kwa nyumba za vijijini ndio tunaoupendekeza uwe wa kwanza. Chumvi ya kawaida hufanya kazi polepole sana ikipita nyuzi 9 chini ya sifuri. Kloridi ya kalsiamu hufika takriban nyuzi 25 chini. Gramu 30 kwa mita ya mraba zinatosha. Zaidi ya hapo unaharibu zege, bustani na makucha ya mbwa, na unaweza kuitia chumvi kwenye kisima chako. Toa theluji kwanza, kisha nyunyiza. Kumwaga chumvi juu ya theluji nene hutengeneza tope linaloganda usiku kuwa kioo.

15. Njia ya gari isafishwe lini na vipi?

Ikifika sentimita 10, usingoje 30. Theluji ya kwanza isukume mbali, mita moja au mbili nje ya ukingo, kwani kingo hugeuka mawe na njia hupungua kila wiki hadi gari la huduma ya dharura lisipite. Nguzo za alama ziwe na urefu wa mita 1.5, kila mita 10, na karibu zaidi kwenye kona. Acha nafasi ya kugeuzia gari. Fungua midomo ya kalavati kabla ya mvua ya katikati ya msimu; bila hivyo maji hupita juu ya njia na kuganda.

## Moto, hewa na umeme

16. King'ora cha kaboni monoksidi kinahitajika hata kama jiko ni jipya?

Ndiyo, kila ghorofa na karibu na vyumba vya kulala. Jiko jipya halizuii theluji kuziba bomba la kutolea hewa la boila lililo karibu na ardhi. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu itokanayo na moto, haina rangi wala harufu. Mgeni hudhani ana mafua au uchovu wa safari: kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu. Dalili ya kutambua ni watu kadhaa kuugua pamoja na kupata nafuu wakitoka nje. Andika kwenye kadi: tokeni nje, pigeni simu ya dharura, msirudi ndani.

Baada ya kila dhoruba, safisha mita moja kuzunguka midomo yote ya kutolea hewa. King'ora kina tarehe ya mwisho nyuma yake. Kikipitwa kitupwe, hata kama kinalia ukikijaribu.

17. Majivu ya jiko nayaweke wapi?

Kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko wa chuma, nje, juu ya jiwe au zege, mbali na ukuta na roshani ya mbao. Makaa yaliyofunikwa na majivu hubaki hai kwa siku kadhaa. Wageni huyatia kwenye mfuko wa plastiki kwa nia njema ya kusafisha. Waambie wasiyatoe kabisa; hiyo ni kazi ya mwenye nyumba.

Mtungi wa kuzimia moto unaokaa kwenye baraza usiwe wa maji, maana huganda. Tumia wa unga na ukague joto lililoandikwa kwenye lebo.

18. Umeme ukikatika, nini kitakachozima ambacho watu hukisahau?

Pampu ya kisima, kwa hiyo hakuna maji. Pampu inayozungusha maji ya radiata, kwa hiyo hakuna joto hata kama boila ni ya gesi. Waya za kupasha mabomba. Intaneti. Jiko la kuni linalojitegemea ndilo linaloifanya nyumba ikalike, na ndiyo sababu hatushauri kupangisha nyumba ya theluji isiyo nalo.

Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka dirisha au mlango wowote, moshi ukielekea mbali na nyumba. Iunganishwe kupitia swichi ya kubadilisha kati ya umeme wa laini na wa jenereta, iliyofungwa na fundi wa umeme. Kuchomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani hurudisha umeme kwenye nguzo na huweza kumuua fundi anayerekebisha laini.

## Wageni

19. Nimwambie nini mgeni kabla ya safari?

Mtumie ujumbe siku tatu kabla, na mwingine asubuhi ya siku yenyewe. Mwambie aina ya matairi yanayohitajika na kama minyororo ni lazima. Njia ipi aifuate, kwa sababu ramani ya simu humwelekeza barabara fupi isiyosafishwa wakati wa baridi. Afike kabla ya giza. Ajaze mafuta mji wa mwisho. Awe na beleshi, blanketi na tochi ndani ya gari. Gari likikwama, afukue theluji kwenye bomba la moshi kabla ya kuwasha injini.

Sera ya dhoruba iandikwe kabla ya malipo: barabara ikifungwa rasmi, tarehe zinahamishwa bila faini. Mgeni anayeogopa kupoteza fedha zake ataendesha gari usiku kwenye barafu. Hakuna mapato ya usiku mmoja yanayolingana na hilo.

20. Wageni wamezingirwa na theluji. Nyumba inapaswa kuwa na nini?

Akiba ya siku tatu: maji ya kunywa lita 4 kwa kila mtu kwa siku, chakula kisichohitaji friji, tochi mbili na betri, redio ya betri, blanketi la ziada kwa kila kitanda, sanduku la huduma ya kwanza, beleshi lililo ndani ya nyumba na si kwenye banda. Mlango ukizibwa na theluji, beleshi la bandani halimfai mtu. Usiweke mishumaa.

Wakati huo wakusanye wote kwenye chumba chenye jiko, wafunge milango mingine, na wafungue bomba za kuta za nje kidogo (swali la 5). Umeme ukichelewa kurudi na joto la vyumba vingine likikaribia nyuzi 5, waelekeze kwa simu wafunge koki kuu na kufungua bomba zote. Kabla ya kufunga, wajaze sufuria na ndoo.

21. Kufuli ya namba imegoma usiku wageni wakiwa nje. Nini cha kufanya?

Mara nyingi ni betri. Betri za alkali hudhoofika sana kwenye baridi. Tumia za lithiamu ikiwa maelezo ya kufuli yanaziruhusu. Kufuli ya ufunguo ipakwe unga wa grafati, si mafuta mazito, na isimwagiwe maji ya moto, yataganda ndani. Daima pawe na njia ya pili ya kuingia: ufunguo kwenye kisanduku kilichokingwa dhidi ya upepo.

22. Mgeni amezima joto alipoondoka, au ameacha dirisha wazi.

Hutokea kwa watu waungwana waliofundishwa kutopoteza nishati. Funga themostati isishuke chini ya nyuzi 12, na uandike kando yake: ACHA IKIWAKA UNAPOONDOKA, MABOMBA YATAPASUKA. Sababu ikiandikwa watu hutii zaidi. Wasafishaji waingie siku ileile ya kuondoka, si siku ya kuwasili kwa wanaofuata.

23. Vipi kuhusu bwawa la maji ya moto la nje?

Ama liwe linafanya kazi, ama limemwagwa pamoja na pampu na mabomba yake yote. Kulimwaga beseni tu huacha maji kwenye pampu, na hiyo ndiyo hupasuka. Umeme ukikatika, acha mfuniko umefungwa. Maji zaidi ya lita elfu moja hupoa polepole, na una muda wa kutafuta jenereta. Ngazi zake zimwagiwe mchanga kila jioni, kwa kuwa miguu yenye maji huzigeuza barafu.

24. Theluji ikianza kuyeyuka, kazi imekwisha?

Bado. Siku za mchana wa nyuzi 5 na usiku chini ya sifuri ndizo zenye kuanguka kwa watu wengi, kwa sababu maji ya mchana huganda usiku juu ya ngazi zilizoonekana kavu. Nyunyiza mchanga jioni, si asubuhi. Njia ya udongo hulainika juu ikiwa bado imeganda chini, na magari huichimba mifereji; waegeshe wageni karibu na barabara kuu na uwabebee mizigo. Fungua koki ya bomba la nje mwishoni kabisa, mtu mmoja akisimama nje na mwingine ndani akitazama ukuta, na mkono ukae kwenye koki mpaka uone hakuna unyevu unaotokea.